Nani Alikuwepo Mkataba Ulipoandikwa? Utangulizi wa Maadili ya Uchumi wa Maarifa

Mnamo Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilichapisha habari za vijana wa Nairobi walioajiriwa kuifunza akili mnemba, ile ambayo wengi huiita akili bandia, itambue maneno machafu. Kazi yao ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta, kusoma kifungu baada ya kifungu kilichookotwa katika pembe mbaya kabisa za intaneti, na kukipa kila kimoja lebo yake: haya ni matusi, huu ni ukatili, huu ni udhalilishaji wa mtoto. Mashine hujifunza kwa mifano, na mifano hiyo sharti kwanza ipite mbele ya macho ya binadamu. Kwa mujibu wa habari hiyo, mkataba kati ya OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, na mkandarasi wake Sama ulipanga dola 12.50 kwa saa ya kazi. Aliyesoma na kuweka lebo alipeleka nyumbani kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, kutegemea cheo chake na alivyofikia malengo.

Je, ni malipo ya haki? Kabla ya kujibu, tukubaliane kwanza kipimo. Ukipima kwa mishahara ya mtaani, utaambiwa kwamba dola 2 kwa saa jijini Nairobi zinazidi anazopata mlinzi wa getini, na kwamba kijana aliikubali kazi kwa hiari yake. Ukipima kwa thamani iliyopatikana, utaona kampuni inayohesabiwa kwa mabilioni ya dola, ambayo bidhaa yake isingefaa kuwekwa hadharani bila kuchujwa namna hiyo. Ukipima kwa kinachobaki ndani ya mtu baada ya zamu, utawasikiliza wafanyakazi waliosema usingizi uliwapotea na yale waliyoyasoma yakawa yanawarudia, na utataka kujua ni nani aliyepaswa kulipia tiba yao. Mkandarasi naye alijitetea kwamba dola 12.50 zilibeba mishahara, marupurupu na gharama zote za kuendesha ofisi. Kila kipimo kina ukweli wake. Mimi huongeza cha nne, nacho ndicho ninachokiamini zaidi: nani alikuwepo mkataba ulipoandikwa? Mweka lebo hakuwepo. Bei ya kazi yake, muda wake, kiasi cha uchafu atakachosomeshwa kwa siku, vyote vilipangwa na wengine kabla hajajaza fomu ya kuomba kazi. Udhalimu mwingi wa uchumi wa maarifa huanzia hapo, kabla shilingi ya kwanza haijagawanywa.

Karibu basi katika uwanja wa maadili ya uchumi wa maarifa. Wanaouingia hutoka njia tofauti: mwanasheria aliyechoshwa na vifungu visivyosema lolote kuhusu haki, mchumi aliyechoshwa na grafu, muuguzi aliyemwona mgonjwa akizidiwa ilhali dawa yake ipo duniani, mwalimu wa lugha, mwandishi wa programu za kompyuta. Hakuna anayekuja mikono mitupu, na hakuna anayefika na zana zote. Mwanafalsafa atalazimika kujifunza kusoma leseni. Mwanasheria atalazimika kuelewa kimeng'enya kinafanya kazi gani. Usiogope. Mambo haya yanajifunzika, na yakishajifunzwa hayaachi kukukera kwa namna inayofaa.

Uwanja wenyewe si wa juzi. Mwaka 1962 Fritz Machlup alitoa kitabu kilichojaribu kuhesabu ni sehemu gani ya pato la Marekani inatokana na kuzalisha na kusambaza maarifa: shule, utafiti, uchapishaji, simu. Mwaka huohuo Kenneth Arrow aliandika makala ambayo wachumi wanairudia mpaka leo. Aligundua kitendawili kikubwa cha soko: mnunuzi hawezi kujua thamani ya taarifa mpaka aione, na akishaiona ameshaipata bure. Ndiyo sababu biashara ya maarifa haiendi bila sheria. Unga ukishasongwa ugali umekwisha, na jirani hawezi kuusonga tena. Lakini namna ya kutengeneza kidonge, hata ikijulikana na watu milioni kumi, haipungui hata chembe. Uhaba wa unga umeletwa na mvua. Uhaba wa maarifa umeletwa na kalamu: mtu aliandika kwamba kwa miaka 20 kidonge hiki kitatengenezwa na fulani peke yake, na dola ikagonga muhuri. Hiyo ndiyo hataza.

Sisemi hataza ni wizi. Hoja yake ni nzito: utafiti una gharama kubwa, na kama kila mtu anaweza kunakili siku inayofuata, nani atatoa mtaji? Lakini uzio uliojengwa na watu unaweza kuulizwa maswali ambayo ukame hauulizwi. Umewekwa wapi? Kwa urefu gani? Na waliouweka ni akina nani?

Kuhusu swali la mwisho, kumbukumbu zipo. Mwaka 1986, wakati mazungumzo ya biashara ya dunia ya Duru ya Uruguay yalipokuwa yakianza, kampuni kubwa za Marekani, Pfizer na IBM zikiwemo, ziliunda kamati ya kusukuma suala la miliki bunifu liingizwe katika mikataba ya biashara. Lilikuwa wazo geni. Awali mambo hayo yalikuwa na mikataba yake pembeni, na kila nchi ilijiamulia mengi. Kamati ilifanikiwa. Mkataba wa TRIPS, ule wa miliki bunifu katika biashara, ulitiwa saini Marrakesh Aprili 1994 na kuanza kutumika Januari 1995 chini ya Shirika la Biashara Duniani, na kuanzia hapo nchi mwanachama ikishindwa kulinda hataza za wengine inaweza kuadhibiwa kwenye mauzo yake ya pamba au nguo. Wajumbe wa Afrika walikuwemo katika majengo ya Geneva, lakini wachache, wenye mafaili mengi kuliko watu wa kuyasoma, na wakizungumza na upande uliofika na rasimu tayari.

Matokeo yalionekana wodini. Katika mwaka 2000, tiba ya dawa tatu za kufubaza virusi vya UKIMWI iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ilitangaza kwamba inaweza kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka tiba hiyohiyo kwa dola 350. Kemia ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni sheria: kwa mujibu wa sheria yake ya 1970, India haikutoa hataza juu ya dawa yenyewe, ilitoa juu ya njia ya kuitengeneza tu, na hivyo viwanda vyake vilitafuta njia nyingine za kufika palepale. Wakati huohuo huko Pretoria kampuni 39 za dawa zilikuwa mahakamani zikiipinga sheria ya Afrika Kusini iliyolenga kushusha bei. Wagonjwa wenyewe, kupitia Treatment Action Campaign, waliingia kwenye kesi na kujaa barabarani, na Aprili 2001 kampuni zikaiondoa kesi. Novemba mwaka huo, mawaziri wa biashara waliokutana Doha walitamka kwamba TRIPS isizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Kufikia 2023, Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulitangaza bei iliyo chini ya dola 45 kwa mgonjwa kwa mwaka, kwa dawa bora kuliko zile za 2001.

Tazama kilichobadilisha bei. Huruma ilikuwepo tangu mwanzo, na mikutano ya huruma ilifanyika mingi. Bei iliporomoka pale waliokuwa nje ya chumba walipoingia: wagonjwa mahakamani, viwanda vya India sokoni, serikali za Kusini kule Doha zikizungumza kwa sauti moja. Nafasi walizozipata bado zipo. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kuwa katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, hazilazimiki kulinda hataza za dawa mpaka Januari 2033. Kenya, isiyo katika orodha hiyo, ilijifungulia njia kwa sheria yake ya mali ya viwanda ya 2001, inayoruhusu kuagiza dawa kutoka kule zinakouzwa kwa bei nafuu. Ni wanafunzi wachache wa sheria ninaowajua wanaofahamu kuhusu hiyo 2033. Ningependa wawe wengi, maana muda unakwisha.

Kuna upande wa pili wa dawa ambao hataza haiugusi kabisa. Eflornithine inatibu malale ya aina inayoua watu Kongo, na katika miaka ya 1990 utengenezaji wake kwa ajili ya ugonjwa huo ulisimamishwa. Dawa ilifanya kazi. Wagonjwa hawakuwa na fedha. Mwaka 2000 ilirudi madukani Marekani kama krimu ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake. Ilibidi Shirika la Afya Duniani na Madaktari Wasio na Mipaka wabane kweli ndipo, mwaka 2001, watengenezaji wakakubali kuitoa tena kwa ajili ya malale. Hapo hapakuwa na mwizi wala mwongo. Palikuwa na soko likifanya kazi yake kama lilivyoumbwa, na ndiyo maana mfano huu huwa nauweka mapema: maadili ya uchumi hayaishii kwenye kuwasaka wabaya.

Sasa twende Baringo, kwa sababu hapo maswali yote hukutana kwenye maji ya ziwa moja.

Ziwa Bogoria lina magadi makali, na kandokando yake chemchemi zinachemka na kurusha mvuke. Samaki hawaishi humo. Heroe wanaishi, na vijidudu visivyoonekana kwa macho vinaishi pia. Vijidudu hivyo vimezoea joto na magadi ambayo yangeua vingine, na vimeng'enya vyake vimezoea vilevile. Ukitafakari, maji ya mashine ya kufulia ni hivyohivyo: ya moto, yenye sabuni, yenye magadi. Kimeng'enya cha kawaida kingeharibika humo kabla hakijagusa doa. Cha Bogoria kinahimili. Kingine hutafuna nyuzi za juu za pamba, hivyo kiwanda kinaweza kuipausha jinzi mpya ionekane imevaliwa miaka, bila kuizungusha na mawe kama ilivyozoeleka.

Mnamo 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichukua sampuli kutoka maziwa ya magadi ya Kenya, Bogoria likiwamo. Vimeng'enya vilivyotokana na utafiti huo vilifika mikononi mwa kampuni ya Genencor, na kutoka hapo viwandani, kwenye sabuni na kwenye nguo. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilijitokeza kudai kwamba Kenya haikupewa stahiki yake na kwamba vibali vilivyotakiwa havikupatikana. Upande wa pili ulijibu kwamba sampuli zilichukuliwa kihalali. Mwaka 2007 KWS ilisaini makubaliano na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, kuhusu utafiti na matumizi ya vijidudu vya Kenya, yakiwa na vipengele vya malipo na mafunzo. Wengi husimulia kisa hiki mpaka hapo: taifa liliibiwa, taifa likaamka.

Lakini ziwa lina wenyewe. Waendorois waliishi ufukweni pake, wakilisha mifugo kwenye chumvi yake, wakichuma dawa, wakifanya ibada zao. Kuanzia 1973 serikali iliwahamisha ili eneo liwe hifadhi ya wanyama. Walipokosa haki mahakamani nyumbani walikwenda kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Februari 2010 uamuzi uliotangazwa uliwapa ushindi. Tume ilitaka warudishiwe haki ya umiliki wa ardhi yao ya jadi, walipwe fidia, na wapewe mrabaha kutokana na shughuli za kiuchumi zinazoendelea humo. Mwaka uliofuata, 2011, Bogoria liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na Nakuru na Elementaita, na Tume ikalazimika kutoa azimio jingine: Waendorois hawakushirikishwa ipasavyo.

Soma tarehe hizo tena, 1973, 1992, 2007, 2011. Mara nne ziwa limeamuliwa mambo yake, na katika kila chumba cha uamuzi kiti cha wale waliolitunza kilikuwa wazi. Wa kwanza kuwaacha nje hakuwa mzungu mwenye chupa ya sampuli. Jambo hili huwauma wanafunzi wangu, na linaniuma mimi, kwa sababu tumezoea kuchora mstari wa dhuluma kati ya Kaskazini na Kusini na kuishia hapo. Mstari huo upo. Mwingine unapita katikati ya nchi zetu, kati ya wizara na kijiji. Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 uliipa kila dola mamlaka juu ya rasilimali zake za kijenetiki, nao ulikuwa ushindi mkubwa kwa Kusini. Itifaki ya Nagoya ya 2010 ilibidi ije kusema wazi kwamba jamii za wenyeji nazo ziombwe ridhaa na zipate mgawo. Miaka kumi na minane kati ya viwili hivyo! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ila katika nyaraka hizi mnyonge mara nyingi ni mnyonge wa mnyonge, na haki yake hupokewa na mwingine kwa niaba yake.

Majina nayo ni mali, ingawa hapa sitakaa sana. Disney iliomba mwaka 1994 kusajili maneno Hakuna Matata kama alama ya biashara kwa nguo nchini Marekani, ikapata usajili 2003, na malalamiko makubwa yakalipuka 2018. Hasira ilikuwa ya kweli. Ila msomaji wa uwanja huu ajifunze kupambanua kosa linaloudhi na kosa linaloumiza mfuko. Alama ile haikumzuia mtu yeyote Mombasa kuyasema maneno hayo wala kuyaandika kwenye fulana za kuuza Mombasa. Kisa cha kikoi kilikuwa na hatari zaidi: mwaka 2006 kampuni moja iliomba kulisajili jina la nguo hiyo nchini Uingereza, jambo ambalo lingewaziba njia wauzaji kutoka pwani yetu, na pingamizi ndilo lililolizima ombi hilo. Ethiopia haikungoja kupinga. Kuanzia 2005 iliomba yenyewe kusajili Marekani majina ya kahawa zake za Harrar, Sidamo na Yirgacheffe, ikavutana na Starbucks, na Juni 2007 pande hizo mbili zikafikia makubaliano yaliyoyatambua majina hayo kuwa ya Ethiopia. Nchi ilichukua kalamu ileile inayotumiwa na kampuni na ikaandika kwa mkono wake.

Sasa linakuja jambo la lugha yenyewe, na hapa nakiri moyo wangu upo. Mashine haiwezi kusikia Kiswahili bila sauti za Waswahili. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za watu waliojitolea kusoma sentensi kwenye simu zao, na rekodi hizo huachwa wazi kwa yeyote azitumie atakavyo, bila malipo na kwa masharti machache sana. Watu walizitoa kwa mapenzi ya lugha, na walifanya vema. Lakini uwazi una kasoro yake: mlango ukiachwa wazi kwa wote, anayebeba vingi ni mwenye gari kubwa. Kampuni yenye maelfu ya kompyuta itaizidi maabara ya Dodoma au Eldoret ndani ya wiki, kisha itaturudishia sauti zetu kama huduma ya kulipia.

Wamaori wa Te Hiku Media, New Zealand, waliliona hilo mapema. Mwaka 2018 waliiomba jamii yao isome kwa sauti, wakapata zaidi ya saa 300 za rekodi ndani ya siku kumi, na baadaye wakakataa kuzitoa kwa kampuni kubwa. Waliandika leseni yao inayofuata desturi ya Kimaori ya ulezi: rekodi zipo chini ya mlezi, na atakayezitumia aonyeshe jamii inanufaika vipi. Watu wa pwani hawapaswi kushangazwa na wazo hilo. Shamba la wakfu haliuzwi na halirithiwi, lina msimamizi, na mazao yake yana watu waliotajwa tangu siku lilipowekwa. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi vinaweza kutunzwa na watu wenyewe kwa kanuni walizozitunga, bila kubinafsishwa na bila kukabidhiwa serikali. Watu wa Lamu na Unguja waliliishi hilo kwa karne nyingi. Sijaona bado wakfu wa rekodi za Kiswahili ukiandikwa vizuri. Ni kazi ya mtu mmoja mwenye elimu ya sheria, mwingine mwenye elimu ya fikihi na wa tatu mwenye elimu ya kompyuta wakikaa pamoja.

Hata nyumba yetu wanazuoni haiko safi. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine anafanya utafiti wa mihogo kwa mshahara wa umma, anaandika makala bila malipo, mwenzake anaihakiki bila malipo, kisha mchapishaji anaiuzia maktaba ya chuo. Kilichokusudiwa kuwa tiba, makala ziwe wazi kwa wasomaji, kimehamishia mzigo kwa mwandishi: Nature ilipoanzisha njia hiyo mwaka 2021 iliweka ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Wachapishaji hutoa msamaha kwa nchi maskini, na baadhi yao hupanga msamaha huo kwa madaraja ya Benki ya Dunia. Julai 2020 Benki iliipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Lakini kwa wachapishaji wa aina hiyo, kupanda daraja ni kupungukiwa na msamaha, ilhali bajeti ya idara haikuongezeka usiku ule.

Wanafikra wa kukusindikiza ni wengi, na nitataja wachache tu. John Rawls, katika kitabu chake cha 1971, alituomba tutunge kanuni za jamii bila kujua kila mmoja atazaliwa nani ndani yake; wazo zuri, ambalo yeye mwenyewe aliligomea pale wengine walipotaka kulivusha mipaka ya nchi moja. Thomas Pogge alilivusha. Amartya Sen anatufundisha kuuliza mtu ana uwezo wa kufanya nini na kuwa nani, mbali na fedha alizo nazo. Usimruke Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyedai kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini kabisa cha kuishi, na kwamba haki hiyo haipotei kwa sababu ya mpaka wa nchi. Anayeitimiza analipa deni, hatoi sadaka. Wanafunzi humsoma Rawls kwanza na Oruka wakipata muda. Wabadilishe mpangilio, kwani kwa maswali yetu Oruka anafika haraka zaidi.

Na yupo Julius Nyerere, ambaye wengi humsoma kwa Ujamaa tu na kuishia hapo. Februari 1979, akizungumza Arusha mbele ya mawaziri wa Kundi la 77, alizitaka nchi maskini ziwe na chama chao cha wafanyakazi, chama cha maskini cha kudai kwa pamoja. Baadaye aliongoza Tume ya Kusini iliyotoa ripoti yake mwaka 1990. Nchi nyingi zilisikiliza kwa adabu na kila moja ikaenda kujadiliana peke yake. Lakini wazo halikufa. Mei mosi 2023 wachuja maudhui wa Nairobi, waliofanya kazi za Facebook, TikTok na ChatGPT, walipiga kura kuunda chama chao. Novemba mwaka huohuo azimio lililoletwa na kundi la nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa, la kuanza safari ya mkataba wa kodi wa dunia, lilipitishwa dhidi ya kura za nchi tajiri zilizotaka kanuni hizo ziendelee kutungwa kwenye klabu yao. Na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba Meta, kampuni mama ya Facebook, inaweza kushtakiwa Kenya na wachuja maudhui, ingawa kampuni ilijitetea kuwa haina makao wala haifanyi biashara nchini humo. Mwenye kalamu Nairobi ameanza kuandika vifungu ambavyo California itabidi ivisome.

Unaanzaje, basi? Nakushauri uanze na hati, kabla ya nadharia. Hataza ni nyaraka za umma. Ndiyo sharti lake, kwamba anayelindwa aeleze wazi alichovumbua. Hifadhidata ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani iko wazi kwenye intaneti, bure, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuandika humo jina la ziwa lao, la mti ambao bibi yake hutwanga gome lake, la mbegu ya wilaya yao, hasa kwa jina la kisayansi. Soma ukurasa wa kwanza: mwombaji, mwaka, nchi. Kisha shuka kwenye maelezo uone kama wametaja sampuli ilikotoka na nani aliwaeleza matumizi yake. Mara nyingi hutakuta neno. Mei 2024, baada ya majadiliano ya karibu robo karne, nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha Geneva mkataba unaomlazimisha mwombaji wa hataza kutaja asili ya rasilimali ya kijenetiki na jamii iliyotoa maarifa yanayohusiana nayo. Hauanzi kutumika mpaka nchi 15 ziuridhie. Mara nyingi uridhiaji hupitia bungeni, na wabunge wana ofisi na wana simu. Andika ulichokikuta, kwa Kiswahili, ukipeleke kwao kabla hawajapiga kura.